Mimea ya Mpaka Mbele ya Mahakama

Niliondoka nyumbani asubuhi ya Jumanne kwa sababu sikuwa na sababu ya kubaki. Mama alikuwa ameinama shambani akipalilia wimbi, amenipa mgongo, nami nikapita nyuma ya ghala kama mtu anayekwenda haja. Nilikuwa na shati moja mwilini, jingine kikapuni, na kipande cha muhogo wa kuchemsha. Shule nilikwisha kuiacha darasa la sita. Mwalimu alisema nauliza kuliko ninavyosoma, na kwa kweli hakusema uongo.

Kwetu ni upande wa Samia, chini ya vilima. Nilifika Busia jua likiwa kichwani. Lori la magunia ya pamba lilikuwa limesimama kando ya barabara, utingo amekaa juu anatafuna muwa.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Nyinyi mnakwenda wapi?"

"Tororo."

"Basi na mimi nakwenda Tororo."

Akacheka hadi makapi ya muwa yakamtoka. "Dereva! Huyu hana kwao, tumchukue!" Nikapanda juu ya magunia. Hivyo ndivyo nilivyoingia Tororo, miaka michache baada ya bendera kubadilishwa, wakati kila mji ulikuwa unajengewa kitu kipya.

Tororo ilikuwa inajengewa mahakama. Niliiona kabla sijajua ni nini: nguzo nyembamba za zege zimesimama mistari miwili, juu yake bamba kubwa la paa, na chini hakuna ukuta hata mmoja. Sikuwa nimewahi kuona nyumba inayoanza na paa. Nikasimama pale mpaka msimamizi, Singasinga mzee mwenye ndevu zilizofungwa kwa wavu, akaja kunitazama kama anavyotazama tofali lililopinda.

"Hilo paa linashikwa na nini?" nikamuuliza.

"Wewe nauliza ao nafanya kazi?"

"Nitafanya kazi huku nikiuliza."

"Beba maji."

Nilibeba maji miezi miwili. Baadaye nikachanganya zege, nikakunja nondo, nikashika timazi huku Singasinga akifumba jicho moja. Saruji ilitoka hapo hapo mjini, mchanga ukaja na malori, mbao za mvule zikaletwa kutoka mbali. Kila kitu nilikiuliza. Kwa nini ukuta haugusi paa? Singasinga akaniambia niweke mkono kwenye ule mwanya, uliokuwa na upana wa dhiraa moja. Nikaweka. Hewa ilikuwa inatoka nje kama pumzi ya mtu. "Joto napanda, nakwenda zake," akasema. "Mzungu wa zamani alifunga, akalala na joto yake." Upande wa mashariki tulijenga kwa matofali ya matundu, na asubuhi jua lilipita humo likamwaga madoa ya mwanga sakafuni kama mtama uliomwagika. Madirisha yalikuwa ya vioo vya luva, vya kufungua na kufunga kwa mkono mmoja. Sakafu ilikuwa ya saruji nyekundu, tukaisugua kwa nta mpaka ukijitazama unauona uso wako umekuwa mwekundu.

Nyuma ya uwanja lilibaki banda la mahakama ya zamani, ambalo lilikuwa livunjwe mwisho. Mlinzi wetu, mzee aliyekuwa tarishi wa chifu enzi za wakoloni, alikuwa anapika chai humo. Banda lilikuwa na matofali ya kuchoma upande mmoja tu, pande tatu wazi, na watu walikuwa wanakaa kwenye nyasi pande zote.

"Hapa," mzee aliniambia, "kesi ilikuwa inasikilizwa na kila mtu. Mtu anasema uongo, kule nyuma mwingine anapiga kelele: 'Hata! Mimi nilikuwapo!' Chifu anamwambia, haya, njoo mbele. Mara nyingine mashahidi kumi, wengine wamelewa."

"Na hukumu zilikuwa za haki?"

"Ah, wapi! Chifu alikuwa anakula mbuzi za pande zote mbili." Akacheka. "Lakini kujua, tulikuwa tunajua. Hakuna mtu alitoka hapa akiwa hajui ukweli."

Nilimpelekea Singasinga maneno hayo tulipokuwa tunapigilia misumari kiti cha hakimu. Kiti kilikuwa juu ya ngazi tatu, na mbele yake meza ya mvule iliyofika kifuani. Kulia palikuwa na kizimba cha shahidi, kushoto kizimba cha mshitakiwa. Milango ilikuwa mitatu: wa hakimu, wa wafungwa, na wa watu. Nikauliza kwa nini hakimu apandishwe juu hivyo.

"Asiguswe," akajibu Singasinga.

"Na mtu wa nyuma kabisa akijua jambo?"

"Ataitwa. Jina yake itaandikwa, ataitwa." Akanitazama. "Asipoitwa, anakaa kimya. Hii nyumba ya kisasa."

Niliipenda nyumba ile. Ninasema hivyo ili ieleweke. Sijawahi kuwa na nyumba yangu mwenyewe, lakini ile niliipenda kama niliyoizaa, na hayo yaliyofuata yalianza na upendo huo.

Siku nne kabla ya ufunguzi, Singasinga alisimama barabarani akatazama kazi yake, akaanza kutukana kwa Kipunjabi. Mbele ya ngazi palikuwa na udongo mwekundu mtupu, kama uso ulionyolewa nyusi. Akanikabidhi mkokoteni. "Lete kijani. Mikubwa, si vijitoto. Leo."

Nikatoka nje ya mji kwa njia ya kwenda Kisoko. Mwendo kama wa saa moja niliona mstari wa mimea mizuri kabisa imesimama kando ya njia na kuingia ndani ya mashamba: mashina membamba yenye mapete, majani marefu mapana kama ya muhindi, urefu wa kunifika kiunoni. Kila mtu wa pande zile anaijua mimea hiyo. Haifi kwa kiangazi wala hailiwi na ng'ombe, ndiyo maana watu huipanda kwenye mpaka wa shamba na shamba. Nami niliijua. Hata kwetu ipo.

Mwanamume mmoja alikuwa analima pamba kando yake. Alikuwa mtu wa makamo, mcheshi, kofia ya jua imemfika machoni. Nilimsalimu, nikamwambia natafuta mimea ya kupamba mahakama mpya. Akaegemea jembe, akatazama ule mstari, kisha akanitazama mimi na mkokoteni wangu. Akafikiri kidogo tu.

"Chukua hii, fundi. Chukua yote. Mashamba tumeunganisha, hii sasa haina kazi."

Nilikuwa mtu wa kuuliza. Nilikuwa nimeuliza kwa nini nondo zina mistari, kwa nini wino wa karani ni wa buluu, kwa nini Singasinga hanyoi. Siku ile sikuuliza mmeunganisha na nani. Nilikuwa na haraka, na mimea ilikuwa mizuri, na yule mtu alileta jembe la pili akanisaidia kung'oa. Aliniletea hata karanga za kuchemsha kwenye jani la ndizi. Tuling'oa kumi na saba. Miwili iliyokuwa chini ya kichuguu, mahali penye udongo mgumu, ilikatika, mizizi ikabaki ardhini. "Iache," akasema. "Nitapitisha ng'ombe wa plau." Nikaipanga kumi na mitano mkokotenini, nikaondoka, naye akanipungia mkono.

Nilipanda minane upande huu wa ngazi na saba upande ule. Singasinga alipima kwa kamba. Siku ya ufunguzi wakubwa walipita katikati yake, na mmoja akasema kwa sauti kwamba huko ndiko kujenga taifa.

Kazi ilipokwisha wengine walilipwa wakaondoka. Mimi nilibakizwa kufagia, kusugua sakafu na kumwagilia ile mimea, ambayo ilishika vizuri, ikatoa majani mapya. Kama mwezi mmoja na nusu baadaye, asubuhi ya siku ya kesi, nilimkuta mama mmoja amekaa kwenye ngazi ya chini. Alikuwa mjane, nilijua kwa jinsi kitambaa chake kilivyofungwa, na kwa kuwa hakuna aliyemsindikiza. Alikuwa anafuta vumbi kwenye majani kwa ncha ya leso yake.

"Wewe ndiye uliyepanda?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Umepanda vizuri. Lakini nani alikufundisha? Hii haipandwi mlangoni kama maua, mwanangu. Hii ni ya mpaka. Sasa hapa mnamzuia nani asivuke?"

Nikacheka, naye akacheka. Mdomo wangu haukutulia. Nikamwuliza ana kesi gani.

Akanieleza. Mumewe alikufa miaka mitatu nyuma. Shemeji yake, ndugu wa marehemu, ana shamba la jirani. Baba mkwe wake aliwagawia wanawe kabla hajafa, akapanda mpaka kwa mkono wake, watoto wote wawili wakitazama. Kisha binti wa mama huyo aliugua akalazwa hospitali ya misheni, naye akakaa huko wiki mbili kumwuguza. Aliporudi, mimea yote haikuwapo, udongo umelimwa, na shemeji anasema mpaka haukuwahi kuwapo. Shamba lote ni la baba, na baba alimwachia yeye.

"Ni upande gani huo, mama?"

"Njia ya Kisoko. Pale penye kichuguu."

Niliendelea kumwagilia maji mahali pamoja mpaka yakatiririka miguuni pake. Akasogeza miguu.

"Si ardhi tu," akasema. "Kaburi la mume wangu liko upande wetu wa mimea. Shemeji akishinda, nitapalilia kaburi la mume wangu kwa kuomba ruhusa."

Ningeweza kusema pale pale. Tulikuwa wawili tu, na mimea yenyewe ilikuwa hapo katikati yetu. Nilimwambia nitamletea chai. Nikamletea.

Ndani, shemeji alikuwa amevaa koti. Alisema maneno machache, kwa heshima, na mkalimani akayageuza Kiingereza. Mama alipoulizwa kama ana mashahidi, alisema, "Mashahidi wangu ni mimea, bwana hakimu, na imeng'olewa." Watu wakacheka kidogo kwenye benchi. Hakimu, kijana mtaratibu mwenye miwani, hakucheka. Alisema hawezi kuhukumu ardhi asiyoiona. Kesho yake angekwenda kukagua.

Mimi nilikuwa nyuma kabisa, nimesimama na kitambaa cha kufutia luva. Nimekuwa nikijiambia miaka yote hii kwamba katika lile banda la zamani ningepiga kelele kutoka kwenye nyasi: mimi nilikuwapo! Kwamba sakafu ile nyekundu na ngazi zile tatu na kile kizimba ndivyo vilivyonifunga mdomo. Nusu yake ni kweli. Lakini mlango wa watu ulikuwa wazi, nami mwenyewe ndiye niliyeupaka rangi.

Kwenye ukaguzi nilichukuliwa kushika mwisho wa kamba ya kupimia. Tulikwenda kwa gari la mahakama. Mashamba mawili sasa yalikuwa shamba moja, matuta yamepita toka upande hadi upande, pamba changa inaanza kuota. Shemeji alitusalimia mmoja mmoja. Alipofika kwangu akanishika mkono kwa mikono yote miwili.

"Habari za mjini, fundi? Nyumba inaendelea vizuri?"

"Vizuri."

"Karanga bado ziko," akasema kwa sauti ya chini, akatabasamu.

Sikujua kama ni kitisho au ukarimu. Mpaka leo sijui. Ila nilielewa kwamba nikimtaja, naye atanitaja: nani aliyekuja na mkokoteni, nani aliyeng'oa. Mimi nilikuwa mtu wa ng'ambo ya mpaka wa nchi, sina ndugu mjini, na niliamini kwamba kung'oa mpaka ni jela.

Karani alinielekeza nisimame karibu na kichuguu na kamba yangu. Nikasimama. Mahali hapo ng'ombe wa plau walikuwa wamekwepa, kwa maana plau huvunjika kwenye udongo wa kichuguu. Chini ya kiatu changu, kwa kina cha kidole kimoja au viwili, palikuwa na mizizi ya ile mimea miwili iliyokatika. Nilijua pale pale ilipo. Kama ningekwangua kwa kisigino tu, hakimu angeona.

Hakimu aliuliza, na mkalimani akarudia kwa Kiadhola, lugha ya wenyeji, na kwa Kiswahili, ili majirani waliokusanyika wote wasikie: "Yupo mtu hapa aliyeiona mimea hiyo?"

Mzee mmoja alisema aliiona zamani lakini hakumbuki ilipita wapi. Mwanamke mwingine alisema mambo ya ndugu ni ya ndugu. Mama akageuka akatazama watu, mmoja mmoja, na macho yake yakanifikia mimi. Yalikuwa macho ya mtu anayemwona kijana wa chai. Akanipita.

Nilishika kamba. Nilikanyaga kwa nguvu zaidi.

Hukumu ilisomwa Ijumaa. Hakimu alisema kwamba anamwamini mama kuwa ana huzuni, lakini mahakama haiwezi kuchora mpaka mahali ambapo jicho halioni kitu. Ardhi ikabaki ya shemeji, na kaburi ndani yake. Asiyeridhika alikuwa na siku zake za kukata rufaa.

Nilikuwa nje ninafagia alipotoka. Alisimama kwenye ngazi, kati ya mistari yake mwenyewe miwili ya mimea, akafunga leso upya kichwani. Kisha akaja kwangu.

"Wewe tu uliniuliza habari zangu hapa," akasema. "Wengine waliniuliza jina. Mungu akubariki, mwanangu."

Nikasema, "Asante, mama."

Hilo ndilo jibu langu. Nimeishi na makosa mengi, mengine makubwa kwa macho ya watu, lakini lile "asante" ndilo ambalo likinijia nikiwa peke yangu natamka kitu chochote kwa sauti ili nisilisikie.

Jumatatu nilikwenda kazini, nikapandisha luva zote, nikaona madoa ya jua yanashuka sakafuni kama kawaida. Nikatoka nje kumwagilia. Nikaweka ndoo chini, nikaenda stesheni. Sikumuaga mtu yeyote. Treni ya kwanza iliyokuja niliipanda bila kuuliza iendako, na iliposimama Nagongera ili injini inywe maji nilishuka, kwa sababu tu watu walikuwa wanashuka.

Ilikuwa siku ya soko. Nilizunguka katikati ya mafungu ya mtama na samaki wakavu mpaka miguu ikachoka, kisha nikaingia hoteli moja ya chai iliyokuwa na vyumba vitatu uani. Mwenyewe alikuwa mwanamke mnene, mkali, wa umri wa mama yangu, anakaanga mandazi bila kuyatazama.

"Chumba kipo," akasema. "Mzigo uko wapi?"

"Sina mzigo."

Akanitazama toka kichwani hadi miguuni. "Mtu anashuka treni hana mzigo. Ameacha bibi, ao ameacha kesi."

"Kesi. Lakini si yangu."

"Zote si zenu." Akanisukumia kikombe cha chai. "Sema."

Nikamwambia. Sijui kwa nini yeye. Nilimwambia yote: mkokoteni, karanga, kichuguu, kaburi, mkono wa shemeji. Hakunikatiza. Mara moja tu aliondoka kwenda kumhudumia mteja, akarudi akakaa. Nilipomaliza nilihisi wepesi mbaya, kama mtu aliyetua mzigo kwenye kichwa cha mwingine.

"Rufaa bado?" akauliza.

"Bado siku kumi na moja."

"Na huyo mama, unajua nyumbani kwake."

"Najua."

"Umemwambia?"

"Hapana."

Akatikisa kichwa polepole, akageuza mandazi. "Kwa hiyo mimi, mtu wa Nagongera, sijui sura yake, mimi najua. Yeye hajui."

Alipangusa mikono, akachukua ufunguo ukutani, akanipeleka uani. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, ndoo, na dirisha moja dogo la ubao linalotazama reli. Aliweka ufunguo mkononi mwangu, lakini hakuuachia mara moja.

"Treni ya kurudi inapita asubuhi," akasema. "Nitakugongea."

Aligonga. Nilisikia vizuri kabisa, mara tatu, kisha mara mbili. Nililala nimetazama mabati mpaka treni ikaja, ikasimama, ikaondoka.